Mtunza Bustani wa Maneromango

Misugusugu, Kibaha
3 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo ulivyonilea, si kwa sababu nimetulia.

Semina ya wazee wa usharika ilikuwa ya siku tatu. Wenzako wote walirudi na basi la kukodi, kila mmoja na mananasi yake. Nilisimama pale kanisani na gari, nikakusubiri masaa, mpaka dereva akafunga milango ya basi, ndipo Mzee Mashaka ananiambia, tena huku anacheka, kwamba wewe umebaki Maneromango. Nikamuuliza umebaki kufanya nini. Akasema nikuulize mwenyewe. Nikakupigia, ukasema una shughuli kidogo huko, nikauliza shughuli gani, ukasema sauti yangu imepanda, nikasema haijapanda, ukakata. Nilipopiga tena ulikuwa umezima, na mpaka leo umezima.

Kwa hiyo naandika barua. Mimi, zama hizi, nimekwenda dukani kuulizia bahasha. Nitampa Sadick, yule dereva wa Fuso la mananasi anayeshusha mzigo sokoni Maili Moja, maana anasema anakuona kila akipita hapo kanisani. Yeye mbeba mananasi anakuona, mimi mwanao sikuoni.

Kwenye mfuko kuna dawa zako za sukari na za presha. Ulibeba chache tu, na hilo ulilijua. Nimeweka na soksi.

Baba, hapa nyumbani umekosa nini? Una chumba chenye choo ndani. Adventina anakupikia na kukufulia, na nimemwambia asikuruhusu kunyanyua hata ndoo. Televisheni ni yako mpaka taarifa ya habari, na ikiisha taarifa ya habari ni yako tena. Mafundi nao wamemaliza uwanja. Wameweka vitofali vya pevingi kuanzia getini mpaka kule ukutani nyuma, pamekuwa safi kabisa, masika hii hutakanyaga tope. Nilifanya kwa ajili yako. Umeshika chaki maisha yako yote, na tangu Mama atutoke umekuwa mpweke. Kazi yako sasa ni moja tu, kupumzika.

Sadick anarudi huku Alhamisi. Panda naye.

Mwanao,
Evaline


Maneromango, Kisarawe
9 Machi 2025

Mwanangu Eva,

Marahaba. Barua yako imefika na madoa ya nanasi. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu na nakurudishia humu ndani. Hakuna kitu kinachoitwa masaa. Saa ni saa, ikiwa moja au zikiwa kumi. Nimekufundisha hilo ukiwa darasa la tatu, na leo unaandikia watumishi wa umma barua za serikali. Inanisikitisha.

Dawa nimepokea na ninameza. Soksi nimempa Mwinjilisti.

Sasa nisikilize, na usipandishe sauti hata kwenye karatasi. Alhamisi sikupanda na Sadick kwa sababu nimepata kazi. Nimeajiriwa, ni mtunza bustani. Ni nafasi ya zamani sana, na nilipoiulizia nikakuta iko wazi. Mwajiri wangu ana ardhi kubwa, sijauona mwisho wake. Halipi kwa mwezi. Mkataba wa maandishi hatuna. Alinipa maneno mawili tu, kulima na kutunza, nikaona yanatosha. Aliyenitangulia kwenye nafasi hii aliwekewa kila kitu, akaambiwa tu mti mmoja asiuguse, akashindwa, yeye na mke wake. Wakatolewa. Mimi nimeazimia kuwa mwangalifu zaidi.

Ninalala chumba cha uani kwa Mwinjilisti Brighton Mwashi, ndiye aliyetufundisha kwenye ile semina ya Uumbaji. Kijana mzuri, anaongea polepole. Nyuma ya kanisa kuna michungwa iliyopandwa enzi za wamisionari, imemezwa na vichaka, naifungua mmoja mmoja. Nina matuta ya mchicha na bamia. Jioni mgongo unauma kwa sababu ninayoijua, na usingizi unakuja wenyewe. Kule kwako nilikuwa nautafuta mpaka kuku wanawika.

Ukiwa na malalamiko, Mwajiri wangu anapatikana hapahapa kanisani.

Baba yako,
Mwl. Gideon Magembe
Mtunza Bustani


Misugusugu, Kibaha
12 Machi 2025

Mwajiri wa Mzee Gideon Magembe,
Kupitia Kanisani Maneromango,
KISARAWE.

YAH: AJIRA YA MZEE GIDEON MAGEMBE, MTUNZA BUSTANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa huyo unayemwita mfanyakazi wako. Kwa taaluma ni Afisa Utumishi, kwa hiyo tusipotezeane muda kwa kuelezana sheria za kazi.

Nimearifiwa kwamba umemwajiri baba yangu bila mkataba, bila mshahara, bila bima na bila likizo, katika ardhi ambayo hata mipaka yake hujamwonyesha. Nimearifiwa pia kwamba mtumishi aliyemtangulia ulimwondoa kwenye nyumba pamoja na mke wake kwa sababu ya mti. Mti, ndugu yangu. Nimekaa kwenye vikao vingi vya nidhamu na sijawahi kuona familia nzima inatolewa nje kwa kosa la kwanza, bila hata barua ya onyo.

Mzee Magembe ni mwalimu mkuu mstaafu mwenye umri wa miaka sitini na sita. Ana sukari na presha. Ni mtu wa kusomewa gazeti, si mtu wa kushikishwa jembe. Kama ulitaka mtu wa kufyeka vichaka, vijana wamejaa hapo Maneromango na wangekudai haki zao, ndiyo maana nadhani ukamchagua mzee mpole.

Nakutaka umwachie mara moja arudi kwa familia yake. Nakupa siku saba. Zikipita nitakuja mwenyewe, na nitakufikisha panapohusika.

Evaline G. Magembe

Nakala: Mwinjilisti Brighton Mwashi


Maneromango
18 Machi 2025

Dada Evaline,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Mwinjilisti Brighton. Barua yako kwa Mwajiri nimeifungua mimi, maana hapa kanisani barua zake huwa ninazipokea kwa niaba. Nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nikae.

Dada, Mwajiri unayemwandikia ndiye aliyeziumba mbingu na nchi. Mzee wetu anapenda mafumbo, nilidhani umeshamzoea. Huyo mtumishi wa kwanza ambaye mzee alikueleza habari zake ni Adamu. Onyo alipewa, ila lilikuwa la mdomo. Na ukiniruhusu nikutanie kidogo, hizo siku saba ulizompa zimenitia hofu, kwa sababu ukimpa huyu siku saba anafanya mambo makubwa.

Niseme na la kweli. Mimi sikumwomba abaki. Katika semina tulisoma Uumbaji, nikawauliza wazee, mtu aliwekwa duniani afanye nini? Wengi walisema kumwabudu Mungu, kisha wakaulizia chai. Baba yako alinyamaza siku zote. Jioni ya mwisho, wenzake wakiwa wanapakia mananasi kwenye basi, nilimkuta nyuma ya kanisa amepiga magoti. Nikadhani anaomba, nikajiondoa. Nilipogeuka nikaona anachimba kwa mikono. Alikuwa anapanda kitu alichokuja nacho kwenye mfuko wake wa nguo. Akaniambia, "Mwinjilisti, mimi sipandi basi." Nikamfungulia chumba.

Kidole chake cha mguu kinaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi mwingi. Jembe lilikuwa jipya na lilimteleza. Muuguzi wa zahanati anakisafisha na kukifunga, na juzi alisema ule weusi umeanza kupungua. Najua mwenyewe amekueleza, nami nimeona nikuongezee tu ili utulie.

Ndugu yako katika Bwana,
Brighton Mwashi


Misugusugu
23 Machi 2025

Baba,

Shikamoo.

Weusi gani?

Mwinjilisti anadhani umenieleza. Anaandika kwa upole wake, kidole, jembe, zahanati, weusi, kama mtu anayenisalimia. Mtu mwenye sukari anajikata kidole cha mguu, kinageuka rangi, halafu ananiandikia mimi kurasa mbili kuhusu neno masaa!

Na hilo la Mwajiri tuliache kwanza, kwa sababu nikilifikiria nashindwa kula. Nimemtishia Mungu kumfikisha panapohusika. Nimemwandikia YAH. Evodius mume wangu aliisoma nakala niliyobaki nayo, akatoka sebuleni akaenda kucheka kwenye gari. Ulinifanyia makusudi na ulijua nitaingia mzima mzima.

Nilikuja jana, Baba. Hukujua. Niliondoka asubuhi na Evodius, tukapita Mlandizi, tukafika mbele ya Mzenga tukakuta maji yamepanda juu ya barabara, malori yamepanga foleni na watu wamekaa chini ya turubai wanachoma mahindi. Nilishuka nikasimama pale mpaka viatu vikajaa. Nikaambiwa yatapungua kesho au keshokutwa. Tukageuza.

Nimeisoma hiyo Mwanzo yako. Sawa, mtu aliwekwa bustanini alime. Lakini Adamu hakuwa na sukari. Adamu hakuwa na umri wa miaka sitini na sita, alikuwa mpya kabisa. Hakuwa na binti anayeamka usiku kuangalia kama baba yake anapumua.

Mama alisema ni kichomi tu. Mkanificha, wewe na yeye, mkisema Eva ana kazi nyingi msimsumbue. Nikaja kujua hospitalini, daktari ndiye aliyeniambia, mtu baki. Niliapa hilo halitanirudia. Ndiyo maana ya chumba chenye choo ndani, ndiyo maana ya ndoo, ndiyo maana ya kila kitu. Naogopa. Sasa nimesema.

Kila mwezi nastaafisha watu, Baba, na hakuna hata mmoja aliyekimbilia Edeni. Wanakaa na wajukuu, wanapumzika. Nilikupa kupumzika. Kosa langu ni lipi?

Evaline


Maneromango
1 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba.

Kuhusu kidole umesema kweli na sina utetezi. Nilipaswa kukuambia. Muuguzi amenikemea kama ulivyonikemea wewe, naye hata hanijui. Kinapona. Ukucha umetoka, na weusi uliobaki ni wa udongo. Nimemwagiza Mwinjilisti kila Sadick akipita akuandikie hali ya kidole kwa mkono wake, ili usinitegemee mimi.

Lakini umeniuliza swali, na mwalimu akiulizwa swali anajibu.

Mwinjilisti alitufundisha kwamba mtu aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo kesho yake, siku yake ya kwanza kuamka duniani, alikuta ni mapumziko. Hajafanya lolote, anapumzishwa. Wazee wakapiga makofi. Mimi nikawaza moyoni, sawa, lakini ilikuwa siku moja. Iliyofuata alikuwa na jembe. Mimi siku yangu ya saba imeingia mwaka wa sita.

Watu wanadhani kazi ililetwa na lile tunda, kwamba ni adhabu. Soma tena. Kazi ilikuwepo kabla ya tunda, kabla hata ya mke. Kilicholetwa na tunda ni jasho na miiba. Mungu alipomaliza kumfinyanga mtu hakumwambia kaa kivulini utazame wengine wakihangaika. Alimpa kitu mkononi. Niliposikia hivyo, Eva, nilitaka kulia mbele ya wazee wenzangu, nikajifanya nimeingiwa na vumbi.

Unakumbuka ile siku Adventina alipokusimulia kwamba nimemsumbua? Nilikuwa nimenyanyua ndoo. Ndoo ya maji, nusu. Aliinyakua mkononi mwangu akaanza kulia, akasema, "Babu, dada atanifukuza." Nikaona nimefikia mahali nikinyanyua ndoo naharibu kibarua cha mtoto wa watu. Nikarudi kwenye kochi. Nikakaa.

Halafu kuna neno lako, pumzika. Baba pumzika. Babu amepumzika. Msimwamshe, apumzike. Mwanangu, hilo neno nimelisoma kwenye misalaba mingi mno. Kila ukiniambia pumzika, nasikia umebakiza maneno mawili tu, kwa amani.

Siyo kwamba hukunipenda. Ulinipenda mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Baba yako,
G. Magembe

Tanbihi: Pale ukutani nyuma, mafundi walipoweka vitofali, palikuwa na shina la mchaichai wa mama yako. Walilipeleka wapi?


Misugusugu
4 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Umeona kimya. Mwanzoni nilisingizia barabara, na ni kweli Sadick alikwama huko kwenu muda mrefu. Lakini barabara ilipofunguka niliendelea kukaa na karatasi tupu.

Nilimpigia fundi. Nikamuuliza kuhusu mchaichai, akasema, "Yale majani?" Akasema walikwangua kila kitu, wakapakia na kifusi, hajui gari lilimwaga wapi. Nikamgombeza mpaka akanikumbusha kwamba mimi ndiye niliyesimama pale nikanyoosha mkono nikasema kuanzia hapa mpaka ukutani. Nilisema hivyo. Nilikuwa nimevaa viatu virefu na nina haraka ya kikao.

Baba, chai ya ule mchaichai nimeinywa tangu tuhamie Misugusugu. Mama alikuwa anakata majani na kisu cha jikoni anayafunga fundo, sebule nzima inanukia. Hata baada ya kufariki tuliendelea kuinywa, na sasa ndiyo naelewa kwamba ni wewe uliyekuwa unakata. Nilidhani Adventina ananunua sokoni. Nilikuwa naijua chai, shina sikuwahi kulitazama. Nimelia bafuni ili watoto wasione.

Na bado umeniudhi. Nisipokuambia nitapasuka. Una mdomo. Umewafundisha watoto wa watu kusema sentensi kamili, lakini mimi mwanao unaninyamazia mpaka uvuke wilaya. Mafundi walikuja wiki nzima kupima, ulikuwa umekaa kibarazani unawaangalia. Ungesema usiweke vitofali hapa. Maneno matatu! Ningekasirika, ndiyo, ningesema unanivurugia ramani, lakini ningeacha. Badala yake ukaondoka na kunipa Adamu.

Nakutumia gambuti. Ni namba tisa, nimeacha nafasi ya bandeji. Usidhani nimekubali, ni kwa ajili ya kidole tu.

Evaline


Maneromango
11 Mei 2025

Eva,

Marahaba, mwanangu. Gambuti zimenitosha. Mwinjilisti anasema nimefanana na zimamoto. Kidole kimefunga, na amekwisha kukuandikia hilo mwenyewe, barua yake iko humu.

Mchaichai haukupotea. Usiku ule kabla mafundi hawajaanza kukwangua nilichimba nusu ya shina kwa kijiko cha jikoni, nikalifunga kwenye fulana yangu. Nililipeleka semina katikati ya Biblia na taulo. Ndicho kitu cha kwanza nilichopanda huku, na hivi sasa limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa ukutani kwako. Jioni tunakunywa, mimi na Brighton. Nilipokuuliza walilipeleka wapi nilikuwa ninalijua jibu. Nilitaka uumie kidogo. Si tabia nzuri kwa mtu wa umri wangu.

Umeuliza kwa nini sikusema. Nyumba ni yako na Evodius. Mzee anayeishi kwa mwanaye akianza kupanga uwanja, kesho ataitwa msumbufu, na wewe ulikuwa na furaha sana na vitofali vyako, ulinishika mkono ukanitembeza kwenye marundo yake ukinionyesha rangi. Nikasema ndiyo, nyekundu nzuri. Baada ya hapo ningesemaje?

Basi nikabeba hasira mpaka Maneromango, nikaipa jina la Maandiko. Wito upo, Eva, sikukudanganya. Nikishika jembe nasikia kabisa kwamba ndicho nilichowekewa. Lakini nikijipima kwa haki, nusu ya wito wangu ni kununa.

Simu nimeiwasha. Mtandao unashika ukisimama juu ya kichuguu karibu na mchungwa wa mwisho. Lakini naona kwa barua hatukatiani.

Baba yako


Misugusugu
25 Mei 2025

Mwajiri wa Mzee Gideon Magembe,
Kupitia Kanisani Maneromango,
KISARAWE.

YAH: MAOMBI YA UHAMISHO WA MTUMISHI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Rejea pia barua yangu ya tarehe 12 Machi, ambayo naomba radhi kwa lugha yake, na hasa kwa zile siku saba.

Nimelisoma shauri la yule mtumishi wako wa kwanza mpaka mwisho, kwa jicho la kazi yangu. Siku zote nilidhani alifukuzwa kazi. Sivyo. Alitolewa kwenye ile bustani akapelekwa kwenye ardhi aliyotwaliwa, na kazi aliyokabidhiwa huko ni ileile, kulima. Ofisini kwetu huo unaitwa uhamisho. Mazingira ya kituo kipya yalikuwa magumu, lakini cheo hakikuguswa. Tena kabla hajaondoka ulimshonea nguo wewe mwenyewe. Katika miaka yangu yote ya utumishi sijaona mwajiri mwingine aliyefanya hivyo.

Kwa hiyo naomba mtumishi wako Gideon Magembe ahamishwe kutoka Maneromango kuja Misugusugu.

Kituo ni kidogo. Jana mimi na mume wangu tuling'oa vitofali kuanzia ukutani nyuma mpaka kwenye simtanki. Evodius hakucheka. Chini tumekuta mchanga mgumu uliochanganyika na saruji, na mfuko mmoja wa plastiki. Nimejaribu kuchimba na nimevunjika kucha mbili. Sijui udongo unahitaji nini, sijui nianzie wapi, sijui mchaichai unataka jua au kivuli. Mtaalamu wa haya yote yuko kwako.

Mazingira ya kazi yameboreshwa. Ndoo zote zimeachiwa huru na Adventina amearifiwa. Zahanati iko karibu, na kidole kitakaguliwa na binti wa mtumishi kila jioni, hilo halina mjadala. Neno pumzika halitatumika hapa nyumbani isipokuwa Jumapili, na siku hiyo litamhusu kila mtu, hata mimi, ambaye nimelisahau.

Kituo hiki kina upungufu mkubwa wa baba. Nilikuwa naye humu ndani na sikumwachia nafasi. Naomba anirudie akiwa mzima, na akiwa na kazi yake.

Nitasubiri majibu kwa saa yoyote utakayoona inafaa.

Evaline G. Magembe

Nakala: Mtumishi mwenyewe


Maneromango
29 Mei 2025

Eva wangu,

Mwinjilisti aliisoma barua yako kwenye maombi ya asubuhi, yote, na ile YAH. Alipofika penye upungufu wa baba akasita, akavua miwani, mama mmoja mwanakwaya akamalizia kusoma. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango. Safari hii sikusingizia vumbi.

Jibu la maandishi halijaja. Lakini mvua imekatika, barabara imekauka, na Sadick anapita Jumatatu asubuhi akiwa na nafasi mbele. Nimechukulia kwamba ndilo jibu lenyewe.

Shina la mchaichai nimeligawa. Nusu nimemwachia Brighton pamoja na matuta na michungwa. Amekubali, ila anashika jembe kama anayeshika nyoka, kwa hiyo msimu wa machungwa nitakuomba ruhusa ya kuja kumkagua. Nusu nyingine iko kwenye fulana ileile, imeloweshwa maji. Mchaichai unapenda jua. Usimwage kitu chochote pale kabla sijafika, na hiyo saruji usiiguse na kucha zako.

Barua yako nimeipitia na kalamu nyekundu mkononi kuanzia kichwa cha habari mpaka nakala. Umeandika saa. Sikupata pa kuweka alama.

Nitafika mchana. Usimtume Adventina aje kunifungulia geti, nitalifungua mwenyewe.

Baba yako,
Gideon Magembe
Mtunza Bustani, Misugusugu